Jinsi ya kukagua gari dogo la kubana mafuta Nairobi kabla ya kulipa

Wanunuzi wengi wa magari madogo Nairobi huanza na swali la mafuta: linakwenda kilomita ngapi kwa lita? Swali ni la haki, ila tofauti kati ya Toyota Vitz na Passo, Mazda Demio, Nissan Note, Honda Fit na Suzuki Swift si kubwa kama inavyodaiwa yadini. Chukua mtu anayeenda kilomita 40 kwa siku, siku 22 kwa mwezi: kilomita 880. Gari la kilomita 15 kwa lita litakunywa lita 59 hivi, la kilomita 12 litakunywa 73. Lita ikiwa shilingi 180, tofauti ni takriban shilingi 2,600 kwa mwezi. Giaboksi moja ya CVT (ya otomatiki inayotumia mkanda na puli badala ya gia za kawaida) iliyokufa humeza akiba hiyo ya mwaka mzima na kupita, na injini iliyochemka hadi gasketi ya hedi ikaungua haiko mbali nayo.

Kwa hiyo ukaguzi ulioelezwa hapa unaegemea mambo mawili kuliko yote: giaboksi, na mfumo wa kupoza injini.

Hatua ya 1: Linganisha injini na njia zako

Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Injini isiyo na tabo (turbo) hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 za mwinuko. Ile injini ya 1KR-FE ya silinda tatu na 996cc, iliyo kwenye Vitz na Passo nyingi, imeandikiwa nguvu farasi 69. Huku kwetu hubaki na 57 hivi. Kwa mtu mmoja au wawili kati ya Donholm na mjini, inatosha kabisa. Ukijaza watu watano, ukawasha AC na kupanda Red Hill, utaikanyaga hadi mwisho, na gari linalokanyagwa hadi mwisho halibani mafuta. Anayekwenda mashambani kila mwezi na familia atafute 1300cc: Vitz ya 1NR-FE, Demio au Fit.

Kuhusu majina yenyewe:

Vitz na Passo ni rahisi kutengeneza na spea zake ziko kila kona ya Kirinyaga Road. Kutetemeka kidogo gari likiwa limesimama ni tabia ya silinda tatu. Kutetemesha usukani na vioo si tabia. Hapo maunti za injini, mipira inayoishikilia, zimekwisha.

Demio ya 2014 na kuendelea, ya petroli, ina gia otomatiki za kawaida, sita, bila CVT. Hilo peke yake ni sababu nzuri ya kuipenda. Ile ya dizeli ya 1500cc iache kama safari zako ni fupi za mjini: chujio la masizi kwenye ekzosi huhitaji mwendo mrefu wa barabara kuu ili lijisafishe, na msongamano wa Jogoo Road hautoi nafasi hiyo.

Fit ina nafasi kuliko zote. Ya kawaida ni salama kiasi. Ile ya haibridi (injini ya petroli pamoja na mota ya umeme) yenye alama GP5 ina giaboksi ya klachi mbili ambayo Honda ililazimika kuirudisha gereji mara kadhaa huko Japani miaka yake ya mwanzo. Usiinunue bila kuijaribu kwa muda mrefu kwenye jamu.

Note yenye alama E12 ni kubwa na bei yake huwa ya kuvutia. Sababu ya bei hiyo mara nyingi ni CVT yake, na nzima zipo, ila jaribio la Hatua ya 7 ulifanye lote.

Toyota Aqua, nayo ya haibridi, hupenda msongamano kwa sababu mota ya umeme ndiyo hufanya kazi kubwa. Betri yake hupozwa na hewa inayoingia kupitia tundu lililo kwenye kiti cha nyuma. Tundu likizibwa na vumbi, nywele au mkoba wa mtoto, betri hupata joto na kuchoka mapema. Peleka Aqua kwa fundi mwenye kompyuta ya kusoma kila kipande cha betri, si kwa fundi wa kawaida.

Hatua ya 2: Hati, kabla hata ya kwenda kuliona

Omba picha ya kitabu cha umiliki na namba ya usajili, kisha ingia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, upande wa NTSA (mamlaka ya usafiri na usalama barabarani), utafute rekodi za gari. Ada ni ndogo na majibu huja haraka. Linganisha vitu vinne: jina la mmiliki, namba ya chesisi, namba ya injini na mwaka wa kutengenezwa. Jina likiwa la mtu pamoja na benki, sacco au kampuni ya mikopo, gari bado ni dhamana ya deni. Muuzaji akikuambia "deni limeisha, bado barua tu", mwambie asubiri barua hiyo, kisha akupigie.

Angalia pia kama gari limewahi kusajiliwa kubeba abiria. Magari haya madogo ndiyo yanayofanya teksi za mtandao jijini, na teksi huzunguka kwa siku kilomita ambazo gari la nyumbani huzimaliza kwa wiki. Dalili hubaki hata likipakwa rangi: kiti cha nyuma kimelegea kuliko cha abiria wa mbele, vishikio vya milango ya nyuma vimekwaruzwa, dashibodi ina alama za kishikio cha simu.

Kwa gari lililoingia nchini karibuni, sheria ni miaka minane tangu kusajiliwa mara ya kwanza. Kwa mwaka 2026, maana yake ni 2019 au baadaye. Herufi za namba ya usajili, KCX au KDM, zinaonyesha lini lilisajiliwa Kenya tu. Vitz mbili zenye KDA zinaweza kupishana miaka kadhaa kwa umri.

Hatua ya 3: Kilomita za kweli

Mita hurudishwa nyuma, na kwa magari ya Japani kazi hiyo huweza kufanywa hata baada ya kushuka melini. Kwa hiyo tafuta ushahidi uliotoka Japani. Cheti cha kusafirisha gari nje ya Japani huandikwa kilomita zilizosomwa wakati wa ukaguzi wao wa lazima. Cheti cha ukaguzi kabla ya kusafirishwa, kile kinachotakiwa na KEBS (shirika la viwango la Kenya), nacho kina kilomita. Karatasi ya mnada ikiwepo, isome hivi: alama 4 au 4.5 ni gari safi, 3.5 ni la kawaida, R au RA ni lililowahi kugongwa likarekebishwa. Kwenye mchoro wa bodi, A ni mchubuko, U ni bonyeo, W ni sehemu iliyonyooshwa na kupakwa rangi, XX ni kipande kilichobadilishwa. Linganisha namba ya chesisi iliyo kwenye karatasi na ya gari. Karatasi safi ya gari jingine ni ujanja wa zamani.

Kisha fungua mlango wa dereva na boneti. Mara nyingi kuna stika ndogo ya Kijapani ya kubadilisha oili, yenye tarehe na kilomita. Mwaka ukiandikwa kwa enzi zao, ongeza 1988 kwenye mwaka wa Heisei na 2018 kwenye mwaka wa Reiwa: H30 ni 2018, R1 ni 2019. Stika ikisema kilomita 112,000 mwaka wa R2 na mita leo inasema 68,000, maongezi yameisha.

Bila karatasi wala stika, tazama pedali. Mpira wa breki uliolika upande mmoja hadi kung'aa haulingani na kilomita 60,000. Mpira mpya kabisa kwenye gari la miaka tisa nao una jambo unaloficha. Tairi zina tarakimu nne ubavuni: 2319 ni wiki ya 23 ya 2019. Lebo iliyo chini kabisa ya mkanda wa usalama huwa na tarehe ya kutengenezwa. Mkanda mmoja ukiwa wa mwaka tofauti na mingine, mito ya hewa huenda iliwahi kulipuka.

Hatua ya 4: Injini ikiwa baridi

Hapa ndipo utumie muda. Mwambie muuzaji asiliwashe kabisa kabla hujafika, na ufike asubuhi. Weka kiganja juu ya boneti; ikiwa na joto, rudi siku nyingine, kwa sababu injini yenye joto huficha moshi, kelele za chaini ya injini na shida za kuwaka.

Anza na rejeta. Fungua kifuniko (baridi tu, kamwe isiwe moto). Unachotaka kuona ni kulanti, kimiminika cha kupoza injini, ya rangi ya waridi, kijani au buluu, iliyojaa hadi mdomoni. Maji ya rangi ya kutu yanamaanisha gari limekuwa likiongezwa maji ya mfereji, na kutu hiyo iko pia kwenye pampu ya maji na mirija myembamba ya hita. Nairobi, maji matupu huchemka karibu nyuzi 94 kwa sababu ya mwinuko; ni shinikizo la kifuniko cha rejeta na kulanti yenyewe vinavyozuia yasichemke. Mpira wa kifuniko ukiwa umepasuka, gari litapoteza maji kidogo kidogo bila kudondosha hata tone chini, na mwenyewe ataapa kwamba halivuji.

Toa kijiti cha oili, kisha uchungulie ndani ya kifuniko cha kumimina oili. Utando mzito wa rangi ya maziwa pamoja na kulanti iliyopungua ni dalili ya gasketi ya hedi. Utando mwembamba peke yake, kwenye gari la safari fupi za asubuhi za baridi ya Julai, unaweza kuwa unyevu tu. Oili nyeusi si kosa. Oili iliyo chini ya alama ya chini ni kosa, hasa kwenye 1KR-FE, ambayo hubeba lita tatu hivi tu. Ikikosa lita moja, theluthi yake imekwenda.

Sasa liwashe ukiwa umesimama nyuma, mtu mwingine akiwa ndani. Mvuke mweupe unaopotea baada ya dakika chache ni kawaida. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Moshi mweupe mzito usiokoma, wenye harufu tamu, ni kulanti inayoingia ndani ya silinda. Kelele ya chaini kwa sekunde moja au mbili inasameheka. Ikiendelea, chaini imelegea au oili haijabadilishwa kwa muda mrefu.

Kuna jambo moja ambalo wanunuzi wengi hulipita. Vitz na Passo nyingi hazina mshale wa joto. Zina taa ya buluu inayowaka injini ikiwa baridi na nyekundu ikizidi joto. Ya buluu inapaswa kuzimika baada ya dakika chache za kuendesha. Ikibaki imewaka kwa robo saa, kuna uwezekano mkubwa themostati (vali inayozuia kulanti isipite kwenye rejeta mpaka injini ipate joto) imetolewa. Ni tiba ya haraka ya mafundi wengi wa jua kali: gari likichemka, wanang'oa themostati na joto linashuka. Lakini injini hiyo hubaki baridi, kompyuta huiongezea petroli ikidhani bado inapashwa, na gari la kilomita 15 kwa lita halifiki tena hapo. Halafu swali lenyewe, kwa nini lilichemka, halijajibiwa. Gari lenye themostati iliyotolewa lichukulie kama lililowahi kuchemka hadi ithibitishwe vinginevyo.

Iache injini iwake imesimama mpaka feni ya rejeta iwake na kuzima yenyewe walau mara mbili. Hilo huweza kuchukua dakika 15 au zaidi, na dalali atakosa subira. Mwache akose. Baada ya hapo washa AC: mzunguko wa injini unashuka kidogo kisha unarudi, ukiyumba au injini ikitaka kuzima, throto (mlango wa hewa ya injini) inahitaji kusafishwa, au plagi au koili zinahitaji kazi.

Hatua ya 5: Bodi na dalili za mafuriko

Tazama boliti za bawaba za boneti na za mafenda ya mbele. Rangi iliyokatika kwenye pembe za boliti inaonyesha spana iliwahi kupita. Boliti pekee hazithibitishi ajali kubwa, ila zikiambatana na fremu ya rejeta iliyonyooshwa au nafasi zisizo sawa kati ya boneti na taa, lilipigwa mbele. Nyuma, inua zulia la buti na tairi la spea: sakafu iliyotoka kiwandani ina mishono ya welding iliyopangika na gundi laini, iliyonyooshwa ina mawimbi.

Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yalizamisha magari mengi Nairobi, na si yote yaliyokwenda kuuzwa vyuma. Vuta mikanda yote hadi mwisho utafute mstari wa tope. Tazama chini ya viti kama reli na springi zina kutu ilhali bodi nje inang'aa. Harufu ya manukato kali kupita kiasi ni kidokezo pia.

Hatua ya 6: Chini ya gari

Matuta ya estate na barabara za murram huua gari dogo kwa chini. Fundi aliinue kwa jeki, atikise kila gurudumu kwa mikono, akilishika juu na chini kwa bolijointi na beringi, kisha kushoto na kulia kwa tai rodi. Bushi za mikono ya mbele zikipasuka, utasikia "kong" kwenye kila tuta. Buti za mpira za jointi za ekseli zikiwa zimechanika, grisi imetoka na mchanga umeingia. Jointi hiyo itaanza kulia "tak-tak" ukikata kona kali.

Gari limeinuliwa kwa spesa, vipande vinavyowekwa juu ya springi? Wengi hufanya hivyo ili lisikwaruze. Spesa ndogo iliyofungwa vizuri haina shida kubwa. Kubwa hupindisha pembe ya ekseli, na tairi huweza kuliwa upande mmoja, kwa hiyo papasa ndani ya tairi pia, si nje tu.

Hatua ya 7: Barabarani, dakika 40 angalau

Kuzunguka yadi hakuhesabiki. CVT inayokufa huonyesha ugonjwa ikipata joto, na joto huja baada ya nusu saa.

Likiwa bado baridi, kanyaga breki, hamisha kutoka P hadi D, kisha R. Gia ishike ndani ya sekunde moja hivi bila mpigo. Ingia kwenye foleni ya kweli: mwendo wa kutambaa kati ya kilomita 10 na 30 kwa saa ndiyo sehemu mbaya kwa CVT. Mtetemo kama wa kupita juu ya changarawe unapoongeza mafuta taratibu ni mkanda na puli vinavyoteleza, au oili iliyochoka. Kisha panda mlima mrefu: Waiyaki Way kuelekea Kikuyu unatosha, Red Hill ni bora zaidi. Simama katikati ya mlima mahali salama, ondoka tena. Injini ikipanda sauti na gari lisipande mwendo, au nguvu zikikatika ghafla huku taa ikiwaka, acha gari hilo. Jaribu pia kurudi nyuma ukipanda. CVT dhaifu huweza kushindwa hapo.

Kwenye Thika Road, kwa 80, usukani ukitetemeka ni balansi au rimu iliyopindwa na shimo. Ukitetemeka ukifunga breki tu, ni diski.

Ukirudi, usizime. Fungua boneti, nusa, tazama chini kama kuna tone, na uangalie kama feni bado inafanya kazi yake.

Hatua ya 8: Kompyuta

Kisomaji kidogo cha OBD (kinachochomekwa kwenye gari kusoma kompyuta yake) cha Bluetooth na simu vinatosha kwa kuanzia. Usitazame makosa tu; tazama kama majaribio ya ndani ya kompyuta yamekamilika. Mengi yakiwa "hayako tayari", huenda mtu amefuta makosa karibuni. Taa ya injini na ya mito ya hewa lazima ziwake ukifungua swichi, kisha zizime. Isiyowaka kabisa imetolewa au imeunganishwa na nyingine.

Ukinunua jipya

Toyota Starlet inayouzwa Afrika hutengenezwa India na Suzuki, ina injini yenye nguvu kuliko Vitz ya 1000cc na huja na waranti. Soma masharti ya waranti hiyo: kuruka huduma moja au kuifanya nje huweza kuifuta. Kagua tarehe za tairi na betri hata hapa, kwani gari linaweza kukaa sana bandarini na yadini. Hasara ya jipya ni bei inayoshuka haraka miaka ya kwanza. Anayepanga kuuza baada ya miaka miwili atakuwa amelipia harufu ya viti.

Bei, malipo na siku ya kwanza

Kabla ya kujadili, piga simu Kirinyaga Road uulize bei ya kila kitu ulichokikuta kibovu, pamoja na kazi ya fundi, na uweke orodha mezani. Muuzaji hubishana na maneno, ila orodha yenye bei humlazimu ajibu. Lipa kupitia benki kwa jina lililo kwenye rekodi za NTSA, kwa mkataba ulioandikwa, na muuzaji aanzishe uhamisho wa umiliki kwenye akaunti yake ya eCitizen mkiwa wote pamoja, nawe uukubali kwenye yako kabla ya fedha yote kutoka. "Nitahamisha wiki ijayo" hugharimu miezi.

Siku hiyohiyo badilisha oili ya injini na chujio, mimina kulanti mpya iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji safi yasiyo ya mfereji, na uweke themostati ikiwa haipo. Oili ya CVT inunue kwa jina lake: Nissan NS-3, Toyota CVT Fluid FE au TC kulingana na kitabu cha gari, Honda HMMF kwa Fit yenye alama GE na HCF-2 kwa yenye GK. Oili nyekundu ya kawaida ya otomatiki ikimiminwa ndani ya CVT, mkanda wa chuma hauna tena msuguano unaohitaji na huanza kuteleza. Duka likikuambia "hii inaingia zote", nenda duka la pili. Baada ya kilomita 1,000 jaza tangi hadi pampu ikatike, weka mita ndogo ya safari kwenye sifuri, endesha hadi karibu robo tangi, jaza tena kwa pampu ileile, na ugawe kilomita kwa lita zilizoingia. Rudia mara tatu kabla ya kuamini namba yoyote.